Matawi sita: tubaki na MPLS au tuhamie SD-WAN?

fundi_nyaya: Wakuu, heshima kwenu. Tunauza vipuri, matawi sita kuanzia Dar hadi Mbeya, na seva ya mauzo na stoo iko makao makuu Dar. Kila tawi tunalipia MPLS, ile laini binafsi ya kuunganisha matawi tunayokodi kwa kampuni ya mawasiliano. Bosi kasikia SD-WAN ni nafuu, kanipa wiki moja. Ninunue vifaa vya Meraki au FortiGate, au nifunge mwenyewe ruta za MikroTik?

mzee_wa_swichi: SD-WAN si laini, mkuu. Ni programu inayokaa juu ya laini ulizonazo, iwe faiba au 4G. Inapima ucheleweshaji na pakiti (vipande vya data) zinazopotea, halafu inaamua mauzo yapite wapi na kamera zipite wapi. Kwenye MPLS unalipia utulivu, na ikisumbua kuna mtu wa kumpigia. Ukiweka SD-WAN juu ya laini mbili mbovu, bado una laini mbovu.

binti_ruta: Meraki raha kusimamia, uko Dar unabadilisha mipangilio ya Mbeya kwenye kivinjari. Tatizo leseni. Kwa utaratibu wake wa siku zote ikiisha unapewa siku 30, zikipita vifaa vinagoma kupitisha data. FortiGate yenyewe ni fayawoli, kifaa cha ulinzi wa mtandao, na SD-WAN imo humohumo, hailipiwi leseni ya peke yake. MikroTik na WireGuard (programu ya kuunganisha matawi kwa siri kupitia intaneti) bei poa, ila kazi ya kupima laini na kuhamisha data utaandika skripti mwenyewe. Siku ukiacha kazi nani atazisoma?

kibanda_cha_data: Kabla ya kununua kifaa, toka nje. Sisi tulikuwa na faiba za kampuni mbili tawi moja, taa zote kijani, tukajiona tumemaliza. Lori likagonga nguzo, zote chini. Kwenda kuangalia, kumbe nyaya zote mbili zimefungwa nguzo ileile kwa kamba moja ya plastiki! Na baharini ni hivyohivyo: 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja, watu wenye laini za kampuni mbili wakakwama vilevile. Shukuru seva yenu iko Dar. Ingekuwa Ulaya mngeandika risiti kwa mkono.

fundi_nyaya: Nguzo sijawahi hata kuitazama, nakiri. Basi naanza na FortiGate matawi mawili ya Dar, faiba na 4G. Mbeya inabaki MPLS mpaka mkataba uishe. Kesho asubuhi naufuata waya kwa miguu.

binti_ruta: Tupe picha ya hiyo nguzo.