Verdicchio na vyakula vyake: je, ni mvinyo wa samaki tu?

Kibuyu ameuliza:
Habari zenu wanajukwaa. Nimepewa chupa mbili za Verdicchio, mvinyo mweupe wa mkoa wa Marche nchini Italia: moja ni Castelli di Jesi Classico Superiore, kutoka vilima vya Jesi, na nyingine ni Riserva (yaani mvinyo uliotunzwa muda mrefu kabla ya kuuzwa) ya eneo la Matelica. Kila ninayemuuliza chakula kinachoendana nazo hunijibu "samaki", na mazungumzo huishia hapo. Nilipoonja ile ya Jesi nilikuta uchachu wa kutosha, kisha uchungu kidogo mwishoni kama wa lozi, na sioni kwa nini ladha ya namna hiyo ifungiwe kwenye samaki peke yake. Je, inafaa kwa nyama? Na vipi mchuzi wa nyanya, ambao husemwa kwamba huharibu mvinyo mweupe?

Sufuria:
Jibu la "samaki" lina historia yake. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Fazi Battaglia ilianza kuuza Verdicchio katika chupa ya kijani yenye umbo la mtungi wa kale, na chupa ile ikavuma kiasi kwamba watu wengi walikariri umbo lake kuliko ladha ya kilichomo, wakabaki na jibu hilo moja la "samaki".

Kuhusu nyanya, waangalie wenyeji wa Ancona, mji mkuu wa Marche ulio pwani. Samaki wao wa stoccafisso, yaani samaki wa Norwei aliyekaushwa bila chumvi, hulowekwa, akapangwa sufuriani pamoja na viazi na nyanya, akamiminiwa mafuta mengi ya zeituni na Verdicchio yenyewe, kisha akaachwa aive taratibu kwa moto mdogo bila kukorogwa, ili minofu isivurugike. Uchachu wa nyanya huufanya mvinyo wenye uchachu mdogo uonekane kama maji, lakini Verdicchio ina uchachu wake wa kujibu. Kwa hiyo onyo hilo ni la kweli kwa mivinyo mingine, si kwa huu.

Mla Taratibu:
Namuunga mkono Sufuria, ila nyama nayo isisahaulike. Huko Marche sungura hutolewa mifupa, akajazwa shamari ya mwituni na kitunguu saumu, kisha akaokwa. Harufu ya shamari na ule uchungu wa lozi hukutana vizuri sana. Kuna pia zeituni za Ascoli, ambazo hujazwa nyama ya kusaga, zikaviringishwa katika chenga za mkate na kukaangwa: hapo uchachu hufanya kazi ya kusafisha mafuta mdomoni. Nyama ya ng'ombe ya kuchoma ningeiacha kabisa, kwa sababu mvinyo hupotea.

Kibuyu:
Nashukuru. Basi chupa ipi iende na chakula kipi?

Pishi la Chini:
Ndugu Kibuyu, usizichukulie hizo mbili kuwa kitu kimoja. Vilima vya Jesi vinaelekea Bahari ya Adriatiki, ilhali bonde la Matelica limelala kati ya safu za milima, likielekea kaskazini na kusini, kwa hiyo upepo wa bahari haulifikii kwa urahisi na usiku wake huwa na baridi, jambo linalozifanya zabibu zihifadhi uchachu hata zinapoiva sana. Riserva, zaidi ya hayo, hairuhusiwi kuuzwa kabla ya kukaa miezi 18. Ningeipa Jesi kome na zeituni za kukaanga, na Matelica nikaiwekea sungura.

Kwa stoccafisso yoyote kati ya hizo itafaa. Lakini supu ya samaki ya Ancona, brodetto, hutiwa siki, na ikizidi hakuna mvinyo utakaoistahimili. Siku hiyo usifungue Riserva.

Riserva iinywe katika nyuzi 12 hivi. Ikitoka moja kwa moja kwenye jokofu, harufu hujificha na uchungu ndio unaobaki mbele, kwa hiyo itoe robo saa kabla ya kuketi mezani.