Familia ya Koko (Bibi) Zawadi – Himbi, Goma 🌋

Yaya (Dada) Furaha, 06:12: Jambo familia. Gari ya Koko bado inatetemeka ikiwa ralanti, imewaka bila kutembea. Jumamosi tunapeleka mahari Sake. Nani ameita fundi mekanisiye?

Yaya Furaha, 06:40: ???

Yaya Furaha, 07:15: Mumesoma wote, naona alama ya bluu.

Deo, 07:55: Jana nilifungua kapo ya moteri. Moteri inapanda mpaka mizunguko 1500 kwa dakika, inashuka, inapanda tena. Nyuma kunalia "sss". Inavuta hewa mahali.

Bahati, 07:57: Hata miye navuta hewa tangu mwezi uanze 😂

Yaya Furaha: Bahati, tafadhali.

Deo: Nilimwagia maji ya sabuni kwenye matiyo ya mpira, moja moja. Kufika ile nene ya serfofreni, ile inasaidia mguu kusukuma freni, povu likanyonywa ndani na ralanti ikatulia kidogo. Mpira umepasuka chini ya kolye, ile pete ya kukaza tiyo. Ufa hauonekani mpaka uukunje.

Nadine, 09:20: Si mulisema ni mabuji, zile za kutoa cheche? Tulichanga dola 40.

Deo: Mekanisiye njo alisema buji, si miye.

Nadine: Kama ile batri.

Yaya Furaha: Mambo ya batri tuliiacha.

Nadine: Nyinyi njo muliiacha.

Bahati: Tupande chukudu, ile ya mbao ya kusukuma. Haina ralanti, haina buji, haina Nadine 😂😂

Yaya Furaha: Deo, kata palipopasuka, urudishe, ukaze kolye. Ama weka tiyo ya maji.

Deo: Nikikata inabakia fupi, moteri ikitikisika inachomoka. Ya maji ikipata moto inalainika, inanyonywa, inajibana. Inatakiwa ile ngumu ya freni. Sokoni Birere iko, dola 15.

Baba Mkubwa, 11:31: Nimesoma. Deo, pedali ya freni ikoje?

Deo, 11:33: Mara ya kwanza inaingia, Baba Mkubwa. Ukirudia inakuwa jiwe.

Baba Mkubwa, 11:40: Hiyo gari haimbebi mama yangu. Ufunguo uletwe kwangu leo.

Yaya Furaha, 12:26: Sawa Baba Mkubwa.

Yaya Furaha, 14:50: Deo, umepeleka?

Yaya Furaha, 16:05: Na dola 15 anatoa nani?

Bahati, 18:20: Miye 3, zikiingia.

Nadine, 18:22: Nirudishiwe kwanza za mabuji.

Papa Espoir, 21:47: Munisamehe, simu ilizimika. Mahari ni Jumamosi hii ao ile ingine?