Tupeane uzoefu: waliowahi kufika Windsor, mji wa kifalme kando ya Mto Thames

Wakuu, habari zenu. Niko Uingereza kimasomo na mama anakuja kunitembelea. Nataka nimpeleke Windsor. Ya kwenye vipeperushi nimeshayasoma. Mliofika tuambieni kilichowagusa na kilichowachosha. Binti yenu, Mwanafunzi.

Msafiri wa Pwani
Mdogo wangu, anza na siku. Kasri la Windsor, makazi ya Mfalme, hufungwa Jumanne na Jumatano. Jumapili Kanisa la Mtakatifu George, lililo ndani ya kasri, halipokei watalii, wanaoingia ni waumini tu, na kwa maoni yangu kwenda Windsor bila kuingia kanisani mle ni nusu safari. Kutoka London, treni ya kituo cha Waterloo inafika moja kwa moja hadi kituo cha kando ya mto, ila kutoka pale kuna kupanda. Ya kituo cha Paddington unabadilisha treni mji wa Slough, lakini inakushusha karibu na lango. Kwa ajili ya mama, chukua hiyo.

Bi Salome
Mwanangu, mpeleke mama kwa Mwanamfalme Alemayehu. Watu wanapanga foleni kuona alipozikwa Henry VIII na Malkia Elizabeth II, huyu wanampita.

Alikuwa mwana wa Mfalme Tewodros II wa Ethiopia. Mwaka 1868 jeshi la Waingereza lilipovamia ngome ya Maqdala, baba yake alijiua asishikwe mateka. Mtoto alichukuliwa akiwa na miaka kama saba. Mama yake alifariki njiani, kabla hawajaifikia pwani. Malkia Victoria alimpenda, akasomeshwa shule za wakubwa, lakini hakuwahi kurudi kwao. Mwaka 1879 alifia Leeds kwa ugonjwa wa mapafu, ana miaka 18, akazikwa hapo Windsor.

Kanisani kuna kibao chake chenye maneno ya Injili: "Nalikuwa mgeni, mkanikaribisha." Niliyasoma nikasimama. Mgeni gani huyo anayeletwa na jeshi? Waethiopia wameomba mabaki yake yarudishwe, na mwaka 2023 Kasri la Buckingham la London likajibu kwamba haiwezekani bila kusumbua mabaki ya wengine waliozikwa hapo. Jibu hilo halijaniingia mpaka leo. Waulize wahudumu wakuonyesheni kibao. Mimi nilivyowauliza walifurahi.

Fundi Kenchi
Mimi nilikwenda kuangalia paa, msinicheke. Novemba 1992 kasri liliungua: taa kali iligusana na pazia, moto ukawaka kama saa 15, vyumba 115 vikaharibika. Ukumbi wa Mtakatifu George ulibaki kuta. Kenchi mpya ni ya mti wa mwaloni uliotumika ukiwa mbichi, yaani mbao inaendelea kukauka na kujivuta ikiwa juu. Kwetu fundi akifanya hivyo anafukuzwa saiti! Ila wale walishajua itajivutaje, wakaunga kwa hesabu hiyo. Kazi ilikamilika 1997. Sehemu ya fedha ilitokana na kuwafungulia watalii Kasri la Buckingham kuanzia 1993. Nilipokwenda mimi hatukuruhusiwa kupiga picha humo ndani, kwa hiyo nilitumia macho.

Mzee wa Mguu
Wote mmelipia. Mie nilizunguka bure. Kuna ile njia ndefu iliyonyooka, Long Walk, zaidi ya kilomita nne kutoka kasrini hadi sanamu ya George III juu ya farasi. Halafu shuka mtoni, bata maji wamejaa, vuka daraja la waenda kwa miguu upate Eton, ilipo shule aliyoianzisha Henry VI mwaka 1440. Kero ni ndege za uwanja wa Heathrow. Zinapita juu yako, mazungumzo yanakatika.

Mwanafunzi
Ahsanteni sana wote. Bi Salome, shikamoo, nimemsimulia mama habari za huyo mtoto kwa simu, amesema tutaanzia huko. Sasa anauliza kama Mfalme mwenyewe ataonekana.

Msafiri wa Pwani
Mwambie aangalie bendera juu ya mnara wa duara. Ikipepea ya kifalme, yenye simba na kinubi, mwenyewe yupo. Ikiwa ya taifa, hayupo. Kumwona ni jambo jingine kabisa, na tiketi haipungui bei akiwa hayupo.