Fundi kang'oa rezista kwenye bodi ya droni yangu, halafu eti "ilikuja hivyo hivyo"

Wakuu, uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mtanivumilia. Jina la duka silitaji. Lipo Kariakoo, lina bango la "tunatengeneza droni za aina zote", na wenyewe wakisoma watajijua.

Kazi niliyowapa ilikuwa moja tu: kubadilisha fleksi (utepe mwembamba wa nyaya) ya gimbali, ile shingo inayotuliza kamera. Picha ilikuwa inakatika, fleksi imechanika, unaiona kwa macho. Droni yenyewe ilikuwa inawaka, inapaa, inashika satelaiti na kutua bila shida. Kubadilisha fleksi ni kazi ya bisibisi ndogo na utulivu. Bodi kuu haihitaji moto wala kuchokonolewa, unachomoa soketi basi. Naenda kuichukua, nabonyeza swichi, kimya. Taa hakuna, feni hakuna, rimoti inatafuta mpaka inakata tamaa. Kijana wa kaunta ananiangalia usoni bila haya: "Bosi, bodi imekufa, inabidi uagize mpya." Na hela ya ufundi wa fleksi wanaitaka, kwa sababu fleksi wameweka!

Nikaifungua nyumbani. Pembeni ya koili ya umeme, karibu na ukingo wa lile bati linalofunika chipu, kuna nafasi ya kijidude na kijidude chenyewe hakipo. Ni kitu cha milimita 1 kwa nusu milimita, saizi ambayo mafundi wanaiita 0402. Nikawarudia na bodi mkononi. Jibu: "Hapo hapajawahi kuwa na kitu. Bodi nyingi zinatoka kiwandani na nafasi tupu, hii ilikuja hivyo hivyo."

Huo ni uongo uliopakwa ukweli kidogo, ndiyo maana unaudhi. Kweli viwanda huacha nafasi tupu, maana bodi moja hutumika kwa matoleo zaidi ya moja. Lakini nafasi tupu ya kiwandani ni safi: pedi mbili (vibati vya kuunganishia) zinafanana, risasi ya kuchomelea imetandaa laini au haipo kabisa. Ya kwangu upande mmoja ina risasi iliyovunjika ikabaki na kingo kali, upande wa pili una mkwaruzo unaokwenda moja kwa moja hadi kwenye ukingo wa bati. Mtu alikuwa anabandua bati kwa bisibisi, ikateleza. Bati lenyewe sijui alikuwa analitafutia nini, fleksi haipiti huko.

Na picha ninayo. Kifaa chochote kabla sijakiacha kwa fundi nakipiga picha, nje na ndani. Kijidude kinaonekana kipo, cheusi, ncha mbili nyeupe, rezista (kipunguza umeme) isiyo na ubishi. Nikamwonyesha kijana. Akasema hiyo picha inaweza kuwa ya droni nyingine. Namba ya bodi inasomeka kwenye picha hiyo hiyo, nikaikuza mpaka ikajaa skrini. Akanyamaza, akamwita fundi.

Fundi akatoka nyuma na jibu la kufungia mwaka: "Basi niachie nikuwekee nyingine yoyote, rezista zote ni hizo hizo." Hapo nikaondoka na bodi yangu.

Nikaipeleka mtaa wa Aggrey kwa kijana wa simu mwenye hadubini. Hajawahi kugusa droni na aliniambia hivyo mwenyewe, tena akanitajia tatizo mapema: simu anatengeneza kwa sababu ana michoro ya bodi, akigusa sehemu anajua pale ni kitu gani na kina thamani gani. Droni haina mchoro wa namna hiyo, watengenezaji hawautoi. Na rezista za saizi hiyo kwa kawaida haziandikwi kitu mgongoni, kwa hiyo hata picha yangu, pamoja na uzuri wake wote, haiwezi kusema ilikuwa omu ngapi, yaani inazuia umeme kiasi gani.

Akaanza kupima. Pembeni kuna kituo cha kupimia kimeandikwa 3V3, yaani laini ya volti 3.3 inayolisha prosesa. Akachomeka betri, mita ikasoma 0.8. Akasoma herufi zilizo mgongoni mwa ile chipu ya kushusha umeme, akatafuta karatasi yake ya data mtandaoni, akacheka. Chipu ile hupima umeme inaoutoa kupitia rezista mbili zilizofuatana, na kazi yake ni kuhakikisha pale katikati panakuwa na volti 0.8. Ya juu ipo, inasoma kilo-omu 100. Ya chini ndiyo iliyong'olewa. Bila ya chini chipu inaona 0.8 imeshafika, inaridhika, haipandishi tena. Prosesa kwa 0.8 haiamki. Kumbe bodi haikufa hata siku moja!

Sasa rudini kwa yule wa "nyingine yoyote". Hesabu ni hii: volti inayotoka ni 0.8 mara (1 + ya juu gawanya kwa ya chini). Ukitaka 3.3 wakati ya juu ni 100, ya chini lazima iwe 32. Yule bwana angechukua rezista ya kilo-omu 10, ambayo imejaa kwenye kila bodi mbovu hapa mjini, ingetoka volti 8.8. Prosesa za 3.3 mwisho wake ni kama volti 4. Angebonyeza swichi mara moja tu na prosesa ingeungua, na vyote vinavyokula laini hiyo vingekuwa hatarini, halafu angeniambia tena "bodi imekufa", na safari hiyo angekuwa anasema kweli.

Kijana wa Aggrey hakuwa na 32 kamili. Thamani za karibu, 31.6 na 32.4, zipo kwenye rezista za asilimia 1 (zinazokosea si zaidi ya hapo) lakini si kitu unachookota kwenye bodi ya zamani. Akafungua king'amuzi kibovu, akatoa rezista mbili kubwa kidogo zenye maandishi, 223 na 103, yaani kilo-omu 22 na 10. Akazipima kwanza, akaziunga zifuatane zikawa 32, akazisimamisha juu ya pedi kama hema. Laini ikasoma 3.3. Feni ikazunguka. Bei aliyonitoza ni ya chakula cha mchana.

Mnadhani yameisha? Nimerudi dukani kudai hela yangu ya ufundi. Jibu: "Bosi, ulishaipeleka kwa fundi mwingine, sisi hatuhusiki tena na garantii imekufa." Yaani wangeiharibu wao, ningewaachia wao waimalizie, ndipo ningekuwa na haki!

Kilichoniudhi zaidi ni kuficha. Vitu vya saizi hiyo vinaruka, kwa fundi mzuri na mbovu. Angeniambia siku ile ile "mkuu, kuna rezista imeng'oka hapa, nimeiokota hii", ingerudishwa na maisha yangeendelea. Pengine iko kwenye zulia la meza yao hadi leo, au imefagiliwa.

Na droni siirushi. Zile rezista mbili zimeshikwa na risasi na tone la gundi, na droni inatetemeka muda wote ikiwa hewani. Kiungo kikiachia, laini inarudi 0.8, prosesa inazima, chombo kinaanguka. Mimi napiga picha za harusi. Chini yake kuna watu. Imesajiliwa TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwa jina langu, kwa hiyo atakayetafutwa siye fundi wa Kariakoo.

Msiniambie ninunue bodi mpya. Bei nimeuliza, na kwa droni nyingi za kamera bodi mpya lazima ilinganishwe na gimbali kwa programu ambayo sisi huku mitaani hatuna.

Ninachotaka: mwenye rezista za 0402, asilimia 1, kilo-omu 31.6 au 32.4, hata kipande cha mkanda wake, aweke bei hapa. Roli zima huwa la 10,000 na mimi nahitaji moja. Picha za kabla na baada naziweka kwenye posti inayofuata, na hao wa dukani kama wamo humu waje waeleze ule mkwaruzo.