Mshokishoki wajaa maua lakini hauzai. Niukate?

Bint_Likoni
Asalaam aleikum. Uani kwetu Likoni kuna mshokishoki, marehemu babu aliupanda kwa kokwa, na sasa umepita paa. Kila msimu hutoa maua mpaka nyuki watufukuza uani, kisha yote yapukutika. Hata tunda moja! Shokishoki nanunua Marikiti kama watu wote. Jirani asema nipigilie misumari kwenye shina uogope. Mjomba asema mbolea. Mume wangu ashatafuta msumeno.

Mzee_wa_Miche
Waaleikum salaam, mwanangu. Misumari waachieni mafundi wa milango.

Mti huo huenda ni dume. Mpapai dume waujua, basi na mshokishoki una mambo hayo hayo: ukipanda kokwa, karibu nusu ya miche hutoka midume. Ila mpapai hujifichua mapema, na huu hukungojesha miaka mitano, sita, watia maji tu.

Kata kishada cha maua yaliyofunguka, uyatazame kwa kamera ya simu ukiikuza. Ua linaloweza kuzaa lina kijifuko cha kijani katikati, kama vitufe viwili vilivyobanana, na juu yake kincha kilichopasuka. Kwa kawaida kitufe kimoja ndicho huwa tunda, mwenziwe husinyaa. Ua dume lina nyuzi za chavua tu.

Kisauni_Boy
Mzee, si ang'oe apande kokwa nyingine? Marikiti zatupwa chini kila siku.

Mzee_wa_Miche
Apande, acheze kamari upya! Na kokwa ya shokishoki haingoji mtu. Ioshe utelezi, uitie udongoni siku hiyo hiyo au kesho yake. Ukiianika dirishani ishakufa. Asili yake ni misitu ya mvua ya Malesia na Indonesia, kukauka haikuzoea.

Bint, ukihakikisha ni dume, usiung'oe, mizizi hiyo ni mali. Mvua za masika zikianza kata shina kwa kimo cha kifua, lakini tawi moja liache na maua yake, ndilo litakalotoa chavua. Machipukizi yakinenepa kama kidole, fundi apachike jicho, yaani kichipukizi na kipande cha gome lake, kutoka mti unaozaa. Hapo hungoji tena miaka ya babu.

Mama_Kwale
Na majani yakiungua kingo wakati wa kaskazi, ni kiu na upepo wa chumvi. Mizizi yake haiendi chini sana. Mie hutandaza makumbi, lakini si yale yaliyolowekwa baharini kwa kamba, yale yana chumvi.

Bint_Likoni
Nimetazama vishada kadhaa, vya juu na vya chini. Nyuzi tu, kijifuko hakuna. Mume wangu acheka, asema msumeno ulikuwa na haki yake. Jicho nitoe mti gani?

Mzee_wa_Miche
Nusu ya haki, tawi libaki. Omba kwa mwenye mti unaozaa, lakini uonje kwanza. Kuna shokishoki ukitafuna nyama yaja na ganda la kokwa, kutwa wajitoa vibanzi menoni. Huo upite. Taka ule ambao nyama yaachana na kokwa safi. Na uonje zilizoivia mtini: shokishoki ikichumwa mbichi haiivi tena, utaulaumu mti bure.