Waifai imeshika lakini tovuti hazifunguki, msaada wakuu

Wakuu, salamu. Nina kompyuta ya mezani, Windows 10, ya siku nyingi kidogo. Nilisafiri, ikakaa kama miezi miwili bila umeme. Jana nimeiwasha, waifai imeshika, alama imejaa, ila kila tovuti inanigomea. Nyingi zinaleta onyo kwamba si salama. Simu yangu kwenye waifai hiyohiyo inapeta tu. Rauta nimeizima na kuiwasha mara nne. Nakaribia kupiga Windows upya, niokoeni.

Mpitanjia: Zima rauta mkuu, subiri nusu dakika, washa.

Mleta mada: Mara nne, ndugu yangu. Nimeandika hapo juu.

Mchokonozi: Usipige Windows, utapoteza mafaili bure. Kama simu inapata, rauta haina kosa. Fungua cmd (lile dirisha jeusi la kuandika amri), andika ipconfig, utupe namba ya IPv4, yaani anwani ya kompyuta kwenye mtandao. Ikianza na 169.254, ujue rauta haijaipa kompyuta anwani, imejipa yenyewe. Ukimaliza andika ping 8.8.8.8, hiyo inabisha hodi kwa seva ya Google kuona kama inajibu.

Mleta mada: IPv4 ni 192.168.1.7. Ping majibu yote manne yamerudi.

Mchokonozi: Basi intaneti unayo. Rudia ping kwa jina la tovuti badala ya namba. Jina likigoma wakati namba inajibu, tutamkamata DNS, anayegeuza jina la tovuti kuwa namba.

Mleta mada: Jina nalo limejibu. Sasa ndiyo nimechanganyikiwa kabisa.

Mama Waya: Samahani kwa kudakia. Hebu tazama kona ya chini kulia ya skrini, tarehe inasomaje?

Mleta mada: Duh! 1 Januari 2015. Wala sikuwahi kuangalia huko.

Mama Waya: Mchawi wako ndiye huyo. Tovuti za https (zile salama) zina cheti cha utambulisho chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta ikidhani tuko 2015, vyeti vya leo inaviona havijaanza kazi, inavikataa. Weka tarehe, saa na mwaka sawa, funga kivinjari, ufungue tena. Halafu tafuta betri. Ile ya duara kama sarafu kwenye bodi kuu ndiyo inayotunza saa umeme usipokuwepo. Nyingi ni CR2032, volti 3, lakini soma maandishi ya hiyo ya zamani kabla ya kununua.

Mchokonozi: Shikamoo mama. Mimi nilikuwa njiani kumpeleka kwenye netsh, amri za kurekebisha mtandao.

Mleta mada: Tarehe nimerekebisha, tovuti zote zikafunguka palepale! Usiku nikachomoa waya makusudi, asubuhi nakuta 2015 tena. Nimefungua kasha waya ukiwa nje, nikasukuma kile kibanio pembeni, betri ikaruka yenyewe. Ni CR2032 kweli. Mpya nimeiweka alama ya + ikitazama juu, na leo nimechomoa waya saa tatu nzima, saa haijayumba. Mpitanjia, rauta sijaigusa.