Mrejesho: kifusi cha ndani ya msingi kilichokuwa kinatitia

Wakuu, niliuliza kuhusu kifusi nilichojaza ndani ya msingi kwa mkupuo mmoja, kikashindiliwa juu tu. Nondo ikichomekwa ilikuwa inazama bila kutumia nguvu. Mlinishauri nikitoe chote. Iliniuma, ila nimekitoa. Chini tulikuta mizizi na udongo mweusi wenye mboji, tukaukwangua hadi kwenye udongo mgumu.

Moramu (udongo wenye changarawe) tumeirudisha kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ikishindiliwa kabla ya inayofuata. Kipimo cha kiganja kimenisaidia mno: ukiufinya udongo ukashikana donge bila kuchuruza maji, unyevu unatosha. Siku moja mvua ilizidisha, udongo ukawa unabonyea kama godoro chini ya mashine, tukasubiri ukauke.

Leo nondo imegoma kuingia. Kesho tunamwaga jamvi, yaani zege la sakafu. Asanteni sana.